Mizigo Miwili Mlangoni

Kila Jumatano nashuka njia ya vumbi ya Mutanga Nord, karibu na bonde la mto Ntahangwa, kwenye chumba cha mjane mwenye watoto wanne. Mara ya kwanza nilikuta vifurushi viwili mlangoni: alikuwa amekata shauri kuwapeleka wadogo kwenye kituo cha yatima.

"Mama, huko watakula," aliniambia.

Sikumhubiria. Nilivuta kigoda, tukachambua maharage, tukahesabu kodi, mkaa na madaftari. Kumtembelea mzazi kwake ndiko huku: unaona mbabula isiyowashwa tangu jana, godoro lililolowa. Kitinda mimba alikuwa na homa, mama yake akimnywesha majani kwa kuogopa gharama, ilhali tangu 2006 watoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bure nchini Burundi. Tulimbeba kumpeleka kutibiwa siku ileile.

Njia hii ya kumsaidia mzazi abaki na watoto wake si ngeni kwetu. Mwaka 1992, UKIMWI ukimaliza wazazi, Spès Nihangaza alianzisha shirika la FVS, linalosaidia yatima walelewe ndani ya ukoo na ujirani, kupitia vikundi vya akiba. Umoja wa Mataifa uliandika mwaka 2009 kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Naliamini hilo kwa moyo wote.

Mjane huyu naye amejiunga na kikundi cha akiba cha majirani, akakopa mtaji. Juzi nilikuta vifurushi vimefumuliwa. Kitambaa kimoja kinafunika beseni la ndagala.