Hesabu ya Gunia

Mavuno yakiingia, magunia hujaa soko la nafaka la Tandale, Dar es Salaam, bei hushuka, na wengi wetu hujiuliza: kwa nini niendelee kupimiwa kilo mojamoja dukani?

Tupige hesabu ya mfano. Dukani kilo ya maharage ni shilingi 3,000. Sokoni, ukichukua gunia la kilo 100, kila kilo ni 2,700. Umelipa 270,000 na kuokoa 30,000, nauli ya bajaji ukiiacha kando. Miezi mitatu baadaye unakuta kilo 10 zimebunguliwa, unazitupa. Gawanya 270,000 kwa kilo 90 zilizobaki: kila kilo imekugharimu 3,000, bei ileile ya dukani. Faida yote wameila wadudu.

Ndiyo maana sisi wa hifadhi ya chakula hatuishii kwenye bei. Tunauliza kitu kitakaa wapi, na kwa muda gani.

Maharage mara nyingi hutoka shambani yakiwa na mayai ya wadudu ambayo jicho haliyaoni. Kwa joto la Dar es Salaam, yai huwa mdudu kamili ndani ya mwezi mmoja hivi, naye hutaga mengine. Hata wadudu wasipoingia, maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu hugoma kuiva. Mkaa wa ziada nao ni sehemu ya bei.

Mahindi yana hatari kubwa zaidi. Yakihifadhiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huo unaweza kuzalisha sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo pima kabla ya kulipa: tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, kisha acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka.

Unga wa dona usiununue mwingi. Kiini cha mahindi kina mafuta, hivyo dona huwa chungu mapema kuliko sembe. Mafuta ya kupikia huharibiwa na mwanga, joto na hewa. Dumu la lita 20 linalofunguliwa kila siku karibu na jiko linazeeka haraka. Sabuni ya mche ni kinyume chake: ikikaa hukauka, na iliyokauka haiishi upesi. Hiyo nunua katoni nzima bila wasiwasi.

Nafaka kavu na maharage vitie kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Wadudu waliomo humaliza hewa na kufa, bila dawa yoyote. Kama fedha au nafasi ni ndogo, majirani watatu wanaweza kuchangia gunia moja na kugawana siku hiyohiyo: bei ya jumla mmeipata, na hakuna anayelala na gunia.

Usinunue gunia kwa mkopo wa riba wala kwa ada ya watoto. Na kabla ya kulipa, gawanya kilo za gunia kwa kilo mnazokula kwa mwezi. Jibu likizidi miezi miwili na huna mfuko wa kuzuia hewa, chukua nusu.