Anayelipwa Kwanza

Mpango wa kulipa madeni ukiwa bado kwenye karatasi hauna kasoro. Unaandika unadaiwa na nani, kiasi gani, kwa riba ipi. Unajumlisha kinachoingia, unatoa chakula, nauli na kodi ya nyumba, kinachobaki unakigawa kwa wanaokudai. Deni lenye riba kubwa linatangulia, mengine yanapewa kidogo kidogo ili wenyewe watulie. Afisa mikopo yeyote atakuchorea hesabu hiyo kabla chai haijapoa. Nimezisoma nyingi za aina hiyo tangu nichaguliwe kwenye kamati ya mikopo ya SACCOS yetu, ambayo wanachama wake wengi ni walimu na watumishi wa halmashauri, na sikumbuki hata moja iliyoanguka kwa sababu mtu alikosea kujumlisha.

Zinaangukia kwingine. Kwenye karatasi anayelipwa kwanza ni mwenye riba kubwa. Mtaani analipwa kwanza mwenye kelele. Benki inakudai mamilioni lakini haiji kukaa barazani kwako saa kumi na mbili asubuhi, watoto wakiwa wanajiandaa kwenda shule. Mama mwenye duka unakochukua unga na mafuta kwa daftari naye hapigi kelele, anakutazama tu unapopita, na ndiye anayelipwa mwisho ingawa hajawahi kukutoza hata senti ya riba. Halafu kuna ile mikopo ya kwenye simu, ya shilingi elfu arobaini au hamsini. Kiasi kidogo, lakini programu yenyewe ulipoipakua uliiruhusu isome majina yote uliyohifadhi. Ukichelewa, ujumbe unamfikia mwalimu mkuu, mwenzako wa kwaya na baba mkwe: huyu ni tapeli, mwambieni alipe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina 69 ya programu na majukwaa yanayokopesha bila leseni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu mwaka 2022. Yote hayo ni sawa, ila ujumbe ukishasomwa na baba mkwe haufutiki kwa tangazo la Benki Kuu. Kwa hiyo mtu anachukua fedha aliyoitenga kwa deni kubwa, analipa kelele, na mpango umevurugika kabla ya tarehe tano.

Simlaumu. Anayeandaa mpango ndiye anayepaswa kulijua hilo mapema. Kando ya ile safu ya riba tunayoijaza kwa makini, ingefaa iongezwe nyingine inayouliza ni nani kati ya hawa anaweza kukuaibisha mbele za watu. Kwa mtazamo wangu deni dogo lenye aibu limalizwe mwezi wa kwanza, hata kama kimahesabu lingeweza kusubiri, kwa sababu likibaki litakula haki ya mengine yote.

Kwa mtumishi wa umma kuna mpango wa madeni uliowekwa na serikali hata kabla yeye hajakopa: makato yote yakishatoka, lazima abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake. Ni kanuni nzuri. Anayelipwa 900,000 hawezi kukatwa na benki hadi akapokea chini ya 300,000, hata akisaini kwa mikono miwili. Aliyeitunga aliona mbali: familia isilale njaa kwa sababu ya tofali na bati.

Lakini tazama inavyotekelezwa. Benki ikishafika kwenye mpaka wa theluthi, inasimama. Mahitaji hayasimami. Mtoto anaugua, au mdogo wako amepangiwa chuo na anahitaji nauli na godoro. Benki inakwambia huna sifa tena, na ukitoka nje ya mlango wake unamkuta mkopeshaji wa mtaani ambaye hataki hati ya mshahara wala mdhamini. Anataka kadi yako ya benki na namba ya siri. Hiyo theluthi ambayo kanuni iliilinda isiguswe na mtu, ndiyo dhamana yake. Ndiyo maana usiku mishahara inapoingia, kwenye mashine za kutolea fedha za miji yetu, utamkuta kijana amesimama na bunda la kadi zilizofungwa kwa mpira wa kubania noti, akitoa moja, akisoma karatasi, akibonyeza, akitoa nyingine. Wenye kadi wako majumbani wanasubiri kupigiwa simu waambiwe kimebaki nini.

Wananchi wamemwita mkopeshaji huyo kausha damu, na hesabu zake zinatosha kueleza kwa nini. Chukua mkopo wa 300,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Riba peke yake ni 90,000. Ukiweza kulipa riba tu, mwezi wa nne umeshatoa 360,000 kwa deni la 300,000, na bado unadaiwa 300,000 ile ile. Mkopeshaji mwenye leseni ya Benki Kuu, ambaye kikomo chake ni asilimia 3.5 kwa mwezi, angekutoza riba ya 10,500 kwa mwezi huohuo. Watu wanaijua tofauti hiyo. Ukimuuliza mwalimu kwa nini hakwenda kwa mwenye leseni, atakujibu kwamba mwenye leseni alimwambia arudi Jumatatu, na mtoto alikuwa amelazwa Ijumaa.

Siku moja alikuja mbele ya kamati mwanachama mwenye mpango ulioandikwa vizuri kuliko yote niliyowahi kuiona, umepigwa mistari kwa rula, umepangwa mwezi hadi mwezi. Mwenyekiti wetu ni mama aliyestaafu uhasibu, hana haraka. Aliusoma wote, akavua miwani.

“Mwalimu, kadi yako ya benki iko wapi?”

“Ipo, mwenyekiti.”

“Naomba niione.”

Mwalimu akafungua mkoba, akaufunga. “Ipo kwa tajiri,” yaani kwa mkopeshaji wake.

Basi mstari wa kwanza wa mpango ule, ule ulioandikwa “mshahara unaoingia”, haukuwa wake. Yote yaliyofuata, na rula yake, yalikuwa yanagawa fedha ya mtu mwingine.

Uingereza wana utaratibu ambao unaanzia hapo hapo, kwenye fedha ambayo mdaiwa anayo kweli. Kuna mashirika ya hisani, StepChange likiwa maarufu, ambayo hayamkopeshi mtu. Yanakaa naye, yanapitia matumizi yake, kisha yanawaandikia wadai wote kwamba fulani ataweza kiasi hiki tu. Yeye anapeleka fedha mara moja kwa mwezi, shirika linawagawia. Utaratibu huo hauwabani wadai kisheria. Wengi hukubali kusimamisha riba kwa sababu wanaona ni heri kidogo cha uhakika. Na tangu Mei 2021, huko England na Wales mdaiwa anaweza kuombewa siku 60 za kupumua, ambamo wadai hawaruhusiwi kumsumbua wala kuongeza riba kwa deni lililoingizwa humo. Kilichonivutia ni yule mtu wa katikati. Mdaiwa hapokei simu za kila mdai peke yake, kuna mwingine anayezipokea, na kelele zinakwenda kwa mtu asiyeweza kuaibishwa.

Kwetu mtu huyo wa katikati hayupo, kwa hiyo tumembandikia kazi hiyo yeyote aliye karibu: mwajiri, mtendaji wa mtaa, shemeji mwenye kauli, mara nyingine SACCOS. Sisi tunaita kununua deni. Hatumkabidhi mwanachama fedha. Anatuletea tajiri wake, au tunamfuata, tunalipa mbele ya mtendaji, tunasainishana kwamba hakuna anachodai tena, na kadi inarudi. Siku hiyohiyo mwanachama anakwenda benki kuifuta na kuomba mpya, kwa sababu namba ya siri inayojulikana na watu wawili si siri tena. Matajiri wengi hawapendi. Mmoja alituambia waziwazi kwamba hana shida na fedha yake kurudi, shida yake ni kwamba tunamwondolea mteja.

Hilo linasaidia, lakini baadhi wanarudi kule kule kabla mwaka haujaisha, na ukifuatilia unakuta si ulevi wala anasa. Ni michango. Mpango mzima una chakula, nauli, kodi, marejesho. Michango imeandikwa sifuri, maana mtu aliyejaa madeni ameapa hachangi tena. Halafu kundi la WhatsApp la harusi ya binti wa mwenzake linafunguliwa, majina yanapangwa, mbele ya kila jina pana ahadi, na lake liko wazi. Wiki ya pili mtunza fedha wa kamati ya harusi anabandika orodha upya. Mwenye deni atavumilia hadi orodha ya tatu, kisha ataandika laki moja ambayo hana. Msiba hausubiri hata orodha. Na usimwambie aache, kwa sababu siku yake ikifika hao ndio watakaobeba jeneza na kupika. Ile sifuri ni uongo ulioandikwa kwa nia njema. Mipango niliyoiona ikidumu ni ile iliyotenga kiasi, tuseme elfu ishirini kwa mwezi, na mwenyewe akalizoea zoezi la kuandika elfu kumi kwenye orodha iliyojaa laki, bila maelezo.

Mwenzi wa ndoa naye lazima ajue. Hapo sina mengi: deni linalofichwa ndani ya nyumba linahitaji deni jingine la kulifichia.

Kilichobaki ni Januari, na hapo ni sisi wenye SACCOS tunaopaswa kujibu. Marejesho yetu yamegawanywa sawasawa kwa miezi kumi na miwili. Januari ina sare, madaftari, viatu, na kwa mwenye mtoto wa shule ya binafsi ina ada. Mwanachama aliyelipa vizuri tangu Machi anakwama Januari, anatozwa faini ya kuchelewa, na kwa kuogopa jina lake lisisomwe mkutanoni anamtafuta tajiri kwa wiki mbili tu. Tumependekeza rejesho la Januari, na la Julai shule zinapofunguliwa tena, lipunguzwe nusu, nusu zile zigawanywe kwenye miezi mingine. Hesabu inakubali, mhazini ameipitia. Pendekezo lilifika mkutano mkuu, na waliolipinga kwa sauti kubwa ni wanachama wasiodaiwa kitu. Wanasema watu watazoea kupunguziwa. Limerudishwa kwenye kamati, na Januari inayokuja marejesho yatakatwa kama kawaida.