Usiuze Mtamba kwa Sababu ya Pikipiki

Mkulima mmoja wa upande wa Malava alifika hapa afisini Kakamega kuuliza bei ya mtamba. Hakuwa na shida ya majani wala ya ugonjwa. Pikipiki yake, ambayo aliinunua ikiwa imekwisha tumika miaka mingi, ilikuwa ikizimika njiani kila asubuhi alipopeleka maziwa, na fundi alikuwa amemwambia kwamba injini imekufa, yataka pistoni mpya na silinda kuchongwa. Maziwa yalikuwa yamechacha mara mbili katika juma moja. Basi akaona ni heri auze mtamba.

Mimi ni karani wa kilimo, si fundi, lakini pikipiki kuukuu ninayo na imenifundisha mengi. Nilimwuliza, "Mzee, ikizimika, hukubali kuwaka tena?" Akanijibu, "Naam, nikingoja kama dakika kumi huwaka, nikaenda kidogo, halafu huzimika tena." Nikamwambia ikizimika safari nyingine afungue kifuniko cha tangi upesi na kusikiliza. Alifanya hivyo, akasikia hewa ikivutwa ndani kwa sauti, na pikipiki ikawaka papo hapo. Katika kifuniko mna tundu dogo la kupitisha hewa. Lilikuwa limezibwa na udongo, na petroli haiwezi kuteremka ikiwa hewa haiingii kushika mahali pake. Alilizibua kwa waya mwembamba, na mtamba akabaki zizini.

Waona basi, msomaji, jinsi mtu awezavyo kupoteza mali kwa kutibu ugonjwa asioupima. Injini yahitaji mambo matatu: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kadiri yake, cheche ya moto kwa wakati wake, na nguvu ya kugandamiza mchanganyiko huo ndani ya silinda. Pikipiki ikikataa kuwaka, moja katika hayo limepungua. Yapime moja moja, ukianza na lile lisilo na gharama, wala usibadili kitu cho chote kabla hujapima.

Anza na petroli. Tazama kama imo tangini na kama bomba limefunguliwa. Usicheke, maana hata mafundi wamesahau. Kisha chini ya kabureta mna skrubu ndogo ya kumwagia. Ifungue injini ikiwa imepoa, mbali na jiko na sigara, uyakinge mafuta katika chupa nyeupe. Yasipotoka, njia imeziba. Yakitoka, yaache yatulie: maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na utayaona kama tabaka la pili. Katika wilaya zetu hizi za mvua nyingi maji huingia tangini mara kwa mara, hasa pikipiki inapolala nje. Nusa pia. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa hunuka taa, na injini hugonga na kutoa moshi. Mchezo huo ulienea hata serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, ili kuwavunja moyo wenye kuchanganya. Anayenunua kwa chupa kando ya barabara ajihadhari zaidi.

Baada ya hapo, cheche. Toa plagi, uirudishe katika kofia ya waya wake, uilaze chuma chake kikigusa chuma cha injini, mbali na tundu la plagi kwa kuwa mvuke wa petroli hutoka humo. Usiishike kwa mkono. Piga kiki kivulini, ukitazama. Cheche ya buluu iliyo kali ni njema. Iliyo nyekundu na dhaifu, au kutokuwapo kabisa, yaonyesha kasoro. Jaribu plagi mpya kwanza, kisha kagua kofia na waya, kisha swichi ya kuzimia, ambayo huingia maji. Kama yako huzimika ikipata joto tu, ipime cheche pale pale njiani ingali na joto, kwa sababu koili mbovu hufanya kazi vizuri ikiwa baridi na kukudanganya nyumbani.

Plagi yenyewe ni kama ulimi wa mgonjwa. Ikiwa rangi yake ni kahawia kama udongo mkavu, injini ina afya. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi au chujio la hewa limejaa vumbi. Pikipiki iliyorekebishwa kabureta huko Mombasa yaweza kuwa hivyo ikiletwa kwetu, kwa kuwa Kakamega iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari na hewa ni nyepesi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi na injini inaungua. Usiendelee kuiendesha hivyo. Ikiwa nyeusi yenye unyevu wa oili, oili inapita mahali isipotakiwa.

Hapo ndipo tufikapo kwenye mgandamizo, jambo ambalo fundi wa yule mzee alilianza kabla ya mengine. Plagi ikiwa nje na chuma chake kikigusa injini, ziba tundu kwa kidole gumba, fungua mafuta mpaka mwisho, umwambie kijana apige kiki. Kidole chapasa kusukumwa kwa nguvu. Kikisukumwa kidogo tu, tia kijiko kidogo cha oili katika tundu, piga kiki mara chache, upime tena. Nguvu ikiongezeka, ringi za pistoni zimekwisha, kwa kuwa oili imeziba nafasi yake kwa muda. Isipoongezeka, shaka ni juu ya valvu au gasketi ya kichwa. Lakini valvu huenda zimekazwa mno tu, na kuzirekebisha injini ikiwa baridi ni kazi ya saa moja, si ya mtamba.

Moshi pia husema. Mweupe wa asubuhi ya baridi unaokoma upesi ni mvuke wa maji tu. Mweusi ni petroli. Wa buluu ni oili, nao ukionekana unapoongeza mwendo, shuku ringi. Ukionekana wakati wa kuwasha tu, shuku sili za valvu. Oili ya injini hizi ndogo ni karibu lita moja tu, kwa hiyo ikipungua nusu lita umebaki na nusu. Itazame kila juma.

Neno kwa anayetaka kununua. Linganisha namba ya injini na ile iliyo katika logbuku kabla ya kutoa pesa. Kisha gusa injini kwa nyuma ya mkono kabla mwenyewe hajaiwasha. Ukiikuta ina joto, ameiwasha kabla hujafika ili usione taabu yake ya asubuhi. Mwambie kwa upole utarudi kesho alfajiri, na uombe uipige kiki wewe mwenyewe.