Kwaya Isituimbie, Ituimbishe

Mwaka 1966 mwanafunzi mmoja wa chuo cha theolojia cha Kilutheri cha Makumira, nje kidogo ya mji wa Arusha, aliandika wimbo wa Pasaka kwa Kiswahili akautia katika sauti ya Kihaya. Jina lake ni Bernard Kyamanywa, na wimbo wenyewe ni "Mfurahini, Haleluya". Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyefundisha Makumira na kukusanya sauti za nyimbo za makabila yetu, aliutafsiri kwa Kiingereza. Wajerumani nao wakautafsiri, na leo ni namba 116 katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani. Watu ambao babu zao walituletea tenzi za Kijerumani Kilimanjaro, Usambara na Bukoba, siku ya Pasaka wanaimba sauti iliyotoka Buhaya.

Umbo lake ndilo lililoufikisha huko. Beti zake ni fupi, zinasimulia habari ya kaburi tupu hatua kwa hatua, na kila ubeti ukiisha mkutano mzima unaingia na kiitikio kilekile. Asiyejua kusoma, mtoto, hata mgeni aliyeingia kanisani siku hiyo kwa mara ya kwanza, wote wanakuwa wamekishika kufikia ubeti wa pili. Ndivyo tulivyozoea kuimba shambani na ngomani: mmoja anaanzisha, wengine wanapokea. Ndivyo Wakristo wa kwanza nao walivyoelezwa na mtawala wa Kirumi Plinio, aliyemwandikia Kaisari Trayano mnamo mwaka 112 kwamba watu hawa hukutana kabla ya kupambazuka na kumwimbia Kristo kwa kupokezana.

Sasa tazama Jumapili katika makanisa yetu mengi ya mijini. Kwaya kuu inaimba, kisha kwaya ya vijana, kisha ya akina mama, kisha timu ya kusifu na kuabudu. Kila kundi lina sare yake na wimbo wake mpya, na waumini wameketi, wengine wameinua simu wanarekodi. Kitabu cha nyimbo kinafunguliwa mara moja au mbili, na hapo mwongoza ibada anatangaza kwamba tutaimba ubeti wa kwanza na wa mwisho kwa sababu muda umetutupa mkono. Kwaya nne zimeimba nyimbo zao mpaka mwisho, na usharika ndio unaopunguziwa beti.

Jambo hili linaniuma, nami nasema wazi kwamba tunawanyang'anya waumini kazi yao. Katika ibada mhubiri ni mmoja na msoma somo ni mmoja, lakini wimbo ndiyo nafasi ambapo mama muuza maandazi na meneja wa benki wanatamka imani yao kwa pumzi moja, kwa maneno yaleyale. Nafasi hiyo ikichukuliwa, mtu wa kawaida anabaki na kusikiliza, kutoa sadaka na kurudi nyumbani.

Kanisa limewahi kupita njia hii. Kanuni ya 15 ya mtaguso wa Laodikia, katika karne ya nne, iliwaachia uimbaji waimbaji walioteuliwa tu, wanaopanda mimbarani na kuimba kutoka kwenye kitabu. Zikaja karne nyingi za makanisa ya Magharibi ambamo waumini walisikiliza zaidi kuliko walivyoimba, tena kwa Kilatini wasichokielewa. Ndugu wa Bohemia, mababu wa kiroho wa Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891, walichapa kitabu cha nyimbo kwa Kicheki mwaka 1501. Mwaka 1524 kikatoka Nuremberg kijitabu cha nyimbo nane tu, nne zikiwa za Martin Luther. Kijitabu chembamba hivyo, lakini kilimrudishia mfinyanzi na mshona viatu sauti yake kanisani.

Wakatoliki nao walilisema jambo hili rasmi tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake juu ya liturujia. Hati hiyo inawataka wachungaji wahakikishe kwamba waumini wote wanashiriki katika uimbaji, na kwamba muziki wa mataifa yenye mapokeo yao unapewa heshima yake. Mwaka huohuo padre Mtanganyika, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mbunga alikwisha kutunga Misa Baba Yetu, kwa hiyo alikuwa anaandika juu ya kazi aliyoifanya kwa mikono yake.

Anayetaka kujua wimbo wa waumini unafanya nini, aende msibani. Usiku wa kwanza, kabla kwaya yoyote haijapewa taarifa, mama mmoja anaanzisha wimbo wa Tenzi za Rohoni akiwa bado anapanga masufuria. Wenzake wanaupokea kutoka jikoni, wazee walioketi nje kwenye maturubai wanashusha besi, na mfiwa ambaye mchana kutwa hakuweza kusema neno anajikuta anaimba. Hakuna kitabu, hakuna kinanda. Beti zote wanazo kichwani, kwa sababu waliziimba wenyewe miaka na miaka. Najiuliza watoto wetu watamwimbia nini mfiwa, kama nyimbo wanazozijua ni zile walizozitazama tu.

Paulo na Sila waliimba gerezani usiku wa manane, miguu imefungwa. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ulisambaa Uganda, Kenya na Tanganyika ukiwa na kiitikio kimoja cha Kiganda, "Tukutendereza Yesu". Mtu akimaliza kutoa ushuhuda, ndugu walikianza papo hapo, na hakuna aliyengoja kupewa ki, yaani sauti ya kuanzia.

Ki yenyewe ni tatizo. Mpiga kinanda hodari hupenda kupandisha wimbo nusu sauti kila ubeti. Kwaya iliyofanya mazoezi wiki nzima inaweza, lakini wanaume walioketi kwenye mabenchi wananyamaza mmoja baada ya mwingine. Spika nazo zikifunguliwa mpaka mtu asisikie sauti ya jirani yake, wala yake mwenyewe, anaacha kuimba bila hata kujua kwamba ameacha. Anayeimba katika mkutano hushikwa na sauti za walio pembeni yake. Ukizifunika hizo umemwacha peke yake. Nyimbo nyingine tulizorithi nazo zina mzigo wake: sauti ya Kizungu inaangusha mkazo kwenye silabi ya mwisho, Kiswahili kinautaka kwenye ya pili kutoka mwisho, na muumini anatamka lugha yake kwa lafudhi ya mgeni.

Nazipenda kwaya. Nimelelewa na sauti zake nne, na sitaki hata moja ivunjwe. Lakini mwalimu wa kwaya anayetumia dakika tano kabla ya ibada kuwafundisha waumini kiitikio cha wimbo mpya, kisha akaurudia Jumapili tatu mfululizo mpaka uwakae, amefanya kazi kubwa kuliko aliyerekodi albamu. Fundi mitambo ashushe spika wakati wa wimbo wa kitabu. Mpiga kinanda aanze chini kidogo, na katika ubeti mmoja aondoe mikono kabisa, watu wajisikie. Na wachungaji wanaopanga ratiba wapunguze wimbo mmoja wa kwaya, ili tenzi yenye beti sita iimbwe beti zote sita.