Likizo Lushoto: Mtoto akipata homa milimani, usisingizie baridi

Shule zikifungwa Juni, familia nyingi za Kigera na Musoma kwa jumla huenda kijijini kusalimia bibi na babu. Lakini kama mmeweka akiba na mnataka watoto waone upande mwingine wa nchi, Lushoto ni chaguo zuri. Ni mji mdogo, mtulivu, katika Milima ya Usambara mkoani Tanga. Asubuhi kuna ukungu, mchana watoto wanatembea msitu wa Magamba wakitafuta mbega, na pale Irente unasimama juu ya jabali ukiona tambarare yote chini. (Mshike mtoto mkono hapo. Si mahali pa kukimbizana.)

Wahindi hupanda Shimla na Darjeeling, miji ya Himalaya iliyo karibu mita 2,000 au zaidi kutoka usawa wa bahari, kukimbia joto. Wajerumani nao walipotawala huku walipanda Lushoto, wakaiita Wilhelmstal. Ila Lushoto ipo mita 1,400 hivi, na Ziwa Victoria lenyewe lipo mita 1,134. Kwa hiyo si urefu wa mlima utakaomsumbua mtoto wa Musoma. Kinachobadilika ni baridi, na Juni hadi Agosti usiku ni wa masweta mawili. Baridi hiyo ndiyo inayowapoteza wazazi.

Chukua mfano huu. Mmefika, siku ya tatu mtoto anachemka, anatetemeka, hataki kula. Jibu la haraka ni kwamba hajazoea hali ya hewa, apewe chai ya tangawizi na panadol. Hapo ndipo hatari ilipo. Vimelea vya malaria hukaa mwilini kwa siku 7 hadi 14 hivi, wakati mwingine zaidi, kabla dalili hazijaonekana. Mbu aliyemng'ata mtoto Kigera wiki moja kabla ya safari anaweza kumlaza kitandani Lushoto. Utafiti wa muda mrefu Usambara umeonyesha kuwa kadiri unavyopanda mlima, malaria hupungua, na hilo ni kweli kwa wenyeji. Wewe umetoka Mara, mkoa ambao maambukizi kwa watoto yapo juu ya wastani wa taifa. Homa ikianza, mtoto apimwe siku hiyohiyo kwa kile kipimo cha kutoboa kidole, na mwambie mhudumu mmetoka wapi. Lushoto mjini kuna hospitali ya wilaya. Dawa mseto itolewe baada ya kipimo, na dozi imalizwe hata mtoto akianza kucheza.

Jambo la pili linahusu usiku. Chumba ni cha baridi, mtu anakumbuka jiko la mkaa. Tafadhali, usiliingize chumbani. Mkaa ulioiva vizuri, usio na moshi hata kidogo, bado unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mlango na madirisha yakifungwa, familia inaweza kulala na isiamke. Mkiamka mnaumwa kichwa wote kwa pamoja, na kichefuchefu juu, tokeni nje mara moja kisha muende hospitali. Omba blanketi la ziada, valisha soksi na kofia, laza watoto wawili pamoja.

Wazazi wenye mtoto wa sikoseli, na Kanda ya Ziwa tupo wengi tunaowafahamu, safari hii inawezekana, ila zungumzeni kwanza na daktari wa kliniki yake. Baridi hubana mishipa ya damu na upungufu wa maji huongeza hatari ya maumivu makali ya mifupa. Sasa fikiria basi la kutoka Musoma: wengi tunawanyima watoto maji ili wasisumbue kuchimba dawa njiani. Kwa mtoto huyu, hapana. Anywe maji njia nzima, na kondakta aambiwe mapema kwamba mtashuka mara kwa mara. Njia ni ndefu, hivyo kulala Arusha usiku mmoja kunamsaidia kila mtu.

Kutoka Mombo kupanda kupitia Soni ni kona juu ya kona. Mpe mtoto chakula chepesi, mkalishe mbele, na uwe na mfuko wa kutapikia mkononi. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza dawa, muulize mhudumu wa afya kama arudie.

Dawa za sikoseli au za pumu, kadi ya kliniki na kadi ya bima viwe kwenye mkoba unaokaa nao kwenye kiti. Begi linaloingia buti la basi hulioni tena hadi mshuke.