Salvador Sánchez: kilo 57, pumzi ya raundi 15

Bandugu, mtu akitaja ngumi hapa kwetu, wote tunarudi Kinshasa 1974, Ali na Foreman. Lakini kuko mabingwa wa mwili mdogo ambao mchimbaji anaweza kujifunza kwao mingi. Mumoja wao ni Salvador Sánchez wa Mexico.

Alizaliwa 1959 ku Santiago Tianguistenco. Mu 1975, na miaka 16, akaanza kupigana kwa malipo. Mu 1977 Antonio Becerra akamshinda mu pigano la mkanda wa Mexico. Kisha hapo hakushindwa tena mpaka kufa.

Tarehe 2 Februari 1980, ku Phoenix, Marekani, akakutana na bingwa Danny López. Raundi ya 13 mwamuzi akasimamisha, na Sánchez akavaa mkanda wa WBC wa uzito wa plume, kilo 57 na kidogo. Mu Agosti 1981 akaja Wilfredo Gómez wa Puerto Rico, mtu wa mapigano 33: moja sare, 32 alimaliza kwa kulalisha wenzake. Mbele ya pigano Gómez alijisifu sana. Raundi ya kwanza akaanguka. Raundi ya nane kazi ikaisha.

Sánchez hakuwa mtu wa haraka. Alipima pumzi yake vile sisi tunapima yetu tukishuka chini: ukimaliza nguvu yote saa ya kwanza, saa ya saba utatoa wapi?

Tarehe 21 Julai 1982, ku New York, wakamletea kijana wa Ghana, Azumah Nelson. Aliitwa kujaza nafasi ya mwingine, na siku za kujitayarisha zilikuwa kidogo sana. Marekani hawakumjua. Raundi ya saba akaanguka, akaamka, akaendelea kurudisha ngumi. Ilibidi Sánchez afike raundi ya 15 ndipo amumalize. Mu 1984 Azumah akamupiga Gómez na kuchukua mkanda uleule.

Sánchez hakuona siku ile. Tarehe 12 Agosti 1982, siku 22 tu kisha pigano la Azumah, mbele ya jua kutoka, Porsche yake iligonga lori mu barabara ya Querétaro na San Luis Potosí. Alikuwa na miaka 23. Mapigano 46: alishinda 44, alishindwa moja, sare moja.

Ngumi za Gómez na za Azumah hazikumwangusha. Barabara njo ilimwangusha. Nasi tumezika wenzetu waliopanda salama kutoka chini, wakafia njiani, usiku, na usingizi mu macho. Njo maana hatuchoki kudai gari ya kurudisha watu wa zamu ya usiku. Na wewe ndugu mwenye pikipiki, kama macho ni mazito, lala kwanza. Bibi na watoto watangoja saa moja. Wasikungoje siku zote.