Lumumba mmoja, filamu tatu: nani anatuchorea uso wake?

Hapa Salamabila, jioni, watu wakirudi toka kwa mashimo na sururu begani, chumba cha video kinajaa. Grupu inanguruma, vumbi iko bado kwa viatu, na kila mtu anataka filamu yake: karate, vita, ama zile za Nijeria. Lumumba, yeye, tunamujua kwa picha: miwani, ndevu kidogo, nywele zilizogawanyika. Lakini sinema nayo imejitengenezea Lumumba wake, tena si mmoja. Tumechukua filamu tatu na kuzipima, kama vile mnunuzi wa dhahabu anapima: kwa mizani, si kwa macho tu.

Jambo hili linatuhusu siye. Lumumba alizaliwa Onalua, kule Sankuru, mwaka 1925. Akiwa kijana bado, mbele ya kufika Stanleyville (Kisangani ya leo), alipita Maniema yetu na kufanya kazi kwa kampuni ya madini kule Kalima. Mtu huyu alijua harufu ya machimbo.

Filamu ya kwanza ni ya Muitaliano Valerio Zurlini, mwaka 1968. Jina lake la Kiitaliano ni « Seduto alla sua destra », maana yake « Ameketi mkono wake wa kuume ». Ndani yake hakuna mtu anayeitwa Lumumba. Anaitwa Lalubi, na inchi haitajwi. Anayemucheza ni Woody Strode, Mmarekani mweusi ambaye watu walimuzoea katika filamu za makoboyi za John Ford. Lalubi anakamatwa, anateswa, anafungwa chumba kimoja na mwizi mzungu. Mkristo yeyote anaitambua hadithi hii palepale: ni mateso ya Yesu. Kule Marekani waliiita wazi « Black Jesus », Yesu Mweusi.

Inagusa moyo, hatukatai. Lakini Yesu hahitaji chama wala kura. Lumumba alikuwa mwanasiasa: chama chake kiliongoza katika uchaguzi wa Mei 1960, aliita Umoja wa Mataifa, akagombana nao, akaomba ndege kwa Wasovieti. Ukimufanya mtakatifu, unamulilia tu. Haumuulizi tena alikosea wapi, wala nani alipata faida kwa kifo chake.

Ya pili ni « Lumumba » ya Raoul Peck, mwaka 2000. Peck ni mzaliwa wa Haiti, lakini alikula utoto wake Léopoldville, sababu wazazi wake walikuja kufanya kazi Kongo. Kwetu ilikuwa vita, basi filamu ikapigwa Zimbabwe na Msumbiji, na Eriq Ebouaney akashika nafasi ya Lumumba. Hapa hakuna Yesu. Ni filamu ya siasa inayokimbia kama ya upelelezi: simu zinalia, milango inafungwa, marafiki wanageuka. Inaanza na mwisho wake, usiku, wazungu wakiharibu maiti. Kisha marehemu mwenyewe anasimulia. Kuna pahali pale kwa mto, Lumumba amekwisha kuvuka, lakini bibi yake Pauline na mtoto wamebaki ngambo ya pili na askari. Anarudi. Hapo shujaa anakuwa bwana na baba, kama sisi wote.

Ya tatu ni ya Mbelgiji Johan Grimonprez, « Soundtrack to a Coup d'État », ya mwaka 2024, iliyofika mpaka kwa orodha ya kugombania Oscar mwaka 2025. Hakuna anayeigiza. Ni picha za zamani, hotuba, na muziki wa jazi. Louis Armstrong alikuja kupigia Wakongo tarumbeta mwaka ule ule wa 1960. Watu wanacheza, kumbe nyuma ya muziki wakubwa wanapanga yao, na uranium ya Shinkolobwe iko katikati. Halafu ghafula mtengenezaji anaingiza matangazo ya simu na ya gari ya umeme ya leo. Mtu wa kule mbali atashangaa. Siye tunaelewa mara moja: ni madini yale yale.

Tuseme nani ameshinda? Kwetu, ya pili na ya tatu zinamurudishia Lumumba akili yake na adui zake. Lakini zote tatu zina shimo moja: hakuna inayotusimulia mwaka 1964. Simba waliingia Maniema wakilitaja jina la Lumumba. Kule Stanleyville, watu waliuawa mbele ya mnara wake. Wengine walishangilia jina lile, wengine walilikimbia porini. Kasongo na Kabambare kuna wazee wanaokumbuka yote mawili, na hawaonekani katika filamu yoyote ya hizi.

Mwezi wa Juni 2022, Ubelgiji ilirudisha jino moja. Ndilo tu lililobaki, sababu mwili uliyeyushwa kwa asidi. Tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa. Pasipo mwili, picha ndiyo inabeba kila kitu, na mwenye kamera anaweza kuigeuza apendavyo: Muitaliano akaweka msalaba, Mbelgiji akaweka tarumbeta.

Siye tuweke nini? Ba papa na ba mama, simu iko mfukoni, na inajua kurekodi. Siku isiyo ya kazi, keti na koko wako, muulize: 1960 mlikuwa wapi? Na 1964? Musimukatize, hata akisema jambo lisilolingana na picha ya ukutani. Wazee wale wanapungua kila mwaka, na akienda mmoja bila kusema, filamu ya kesho juu yetu itaandikwa tena na wengine.